Je, kula kalori chache sana kwa siku ni salama kwa afya?

Subira_M ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba msaada wa kimawazo kutoka kwa wenye elimu ya lishe na tiba, na pia kwa yeyote aliyewahi kupitia jambo hili.

Uzito wangu umezidi kwa kilo kama 12 ukilinganishwa na ule niliokuwa nao zamani, na kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za watu wanaokula kalori 500 hadi 700 tu kwa siku, ambao wanasema uzito wao umeshuka kwa kasi ambayo njia nyingine hazikuwahi kuwapa. Hesabu yenyewe inaniingia akilini: ikiwa kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, basi anayekula kalori 600 ilhali mwili wake unatumia 2,000 ana upungufu wa kalori 1,400 kila siku, na baada ya siku tano au sita angekuwa amepoteza kilo nzima. Kwa mwendo huo, kilo 12 zingeisha kwa miezi miwili na siku chache.

Kinachonitatiza ni kwamba nasikia kauli mbili zinazogongana. Madaktari wanaonya kwamba kula kidogo kiasi hicho ni hatari, lakini madaktari hao hao, kwa wagonjwa fulani wa kisukari, huagiza mlo wa kalori 800 kwa siku, na tena kuna tafiti za miaka mingi zinazoonyesha kwamba wanyama waliopunguziwa chakula waliishi muda mrefu zaidi. Ikiwa jambo ni hatari, mbona linatumika kutibu? Na ikiwa linatibu, kitu gani kinanizuia kulifanya mwenyewe nyumbani, nikiwa makini na kumeza vidonge vya vitamini ili nisipungukiwe na chochote? Ningependa kuelewa mwili unafanya nini hasa mtu anapoishi kwa kalori chache namna hiyo.

Mlishe_Mwandamizi amejibu:

Ndugu Subira, umeliuliza swali lako vizuri, nami nitaanzia kwenye hesabu, kwa kuwa ndiyo inayowavuta watu wengi na ndiyo inayowaangusha. Upungufu wa kalori 1,400 kwa siku ungeondoa kilo moja ya mafuta kila baada ya siku tano au sita iwapo mambo mawili yangekuwa kweli: kwamba kila kinachopungua mwilini ni mafuta, na kwamba mwili huendelea kutumia kalori 2,000 zile zile hata baada ya kunyimwa chakula. Yote mawili si kweli.

Katika siku za mwanzo mwili huchota akiba yake ya wanga iliyomo kwenye ini na kwenye misuli, ambayo wataalamu huiita glaikojeni. Akiba hiyo kwa mtu mzima hukaribia nusu kilo tu, lakini kila gramu yake hushikana na takriban gramu tatu za maji, kwa hiyo inapotumika maji nayo hutoka kwa mkojo, na mizani huonyesha kilo mbili pungufu kabla mafuta hayajaguswa kwa kiasi cha maana. Hapo ndipo zinapotoka zile simulizi za kilo kadhaa kwa wiki ya kwanza. Mtu akirudi kula kawaida kwa siku mbili tatu maji hayo hurudi, naye hudhani kwamba amenenepa upya, kumbe hata kupungua kwenyewe hakukuwa kwa mafuta.

Akiba hiyo ikiisha, ubongo bado unadai sukari, na ini huitengeneza kutokana na protini, ambayo kwa sehemu kubwa hutolewa kwenye misuli. Baada ya siku kadhaa ubongo huanza kutumia ketoni zinazotokana na mafuta, na uvunjaji wa misuli hupungua, lakini haukomi. Anayekula kalori 600 zisizo na protini ya kutosha hupoteza nyama ya mwili pamoja na mafuta, na nyama hiyo ndiyo inayomwezesha kuinuka kitini, kubeba mzigo na kuutumia mwili wake vizuri akizeeka. Tusisahau kwamba moyo nao ni msuli.

Kisha yako yale matumizi ya kalori 2,000. Mwili ulionyimwa chakula hubana matumizi: homoni za tezi ya shingo zinazochochea kazi za mwili hupungua, mapigo ya moyo hushuka, mikono na miguu huwa baridi, na mtu hupunguza mienendo yake bila kujijua. Aliyekuwa akisimama sasa anakaa, na aliyekuwa akipanda ngazi sasa anasubiri lifti. Kwa hiyo upungufu ulioupanga kwenye karatasi huzidi kusinyaa kadiri wiki zinavyopita, ingawa njaa haisinyai.

Anayetaka kuona jambo hili kwa undani na autazame utafiti uliofanywa na Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944 hadi mwishoni mwa 1945. Vijana 36 wenye afya njema, waliokuwa wamekataa kupigana vitani kwa sababu za dhamiri, walijitolea kulishwa wastani wa kalori zipatazo 1,570 kwa siku kwa muda wa miezi sita, huku wakitakiwa kutembea takriban kilomita 35 kila wiki. Naomba uitazame vizuri idadi hiyo, kwa sababu ni zaidi ya mara mbili ya zile 600 unazozifikiria wewe. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na nishati ambayo miili yao iliitumia wakiwa wamepumzika ilipungua kwa takriban asilimia 40. Walivimba miguu, walisikia baridi hata siku za joto, na kukaa kwenye kiti kigumu kuliwaumiza kwa sababu makalio yalikuwa yamekwisha nyama.

Mimi huniumiza zaidi yale yaliyozipata akili zao. Vijana ambao hawakuwahi kujali mapishi walianza kukusanya vitabu vya upishi na kuvisoma kama watu wanaosoma riwaya. Mlo wa dakika chache uliweza kuvutwa hadi karibu saa mbili kwa kukatakata kila kipande, kukiongezea maji na kukipanga upya kwenye sahani, na mwisho sahani ikalambwa. Walijitenga na marafiki, walipoteza hamu ya mapenzi, wakawa wepesi wa hasira na wazito wa kucheka. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula hadi wakaumwa na bado wakasema kwamba hawajashiba. Hao walichaguliwa kwa sababu walikuwa wazima wa mwili na akili, kwa hiyo anayeshindwa kuendelea na mlo wa namna hii hapaswi kujilaumu kwamba hana nidhamu.

Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu 50 wenye uzito uliozidi waliowekwa kwenye mlo wa kalori 500 hadi 550 kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni zinazochochea njaa zilikuwa bado juu na zile zinazoleta shibe zilikuwa bado chini kuliko kabla ya kuanza, na wenyewe walikiri kwamba njaa yao ilikuwa imeongezeka. Kwa hiyo, Ndugu Subira, kasi unayoiona kwenye simulizi za watu ni ya kweli kwa wiki chache, lakini sehemu yake ni maji, sehemu ni misuli, na deni lake hulipwa kwa muda mrefu.

Muuguzi_Wodini amejibu:

Namshukuru Mlishe kwa maelezo yake. Mimi nitaongeza yale tunayokutana nayo wodini, maana kuna madhara ambayo mtu hawezi kuyahisi yanapoanza.

La kwanza ni mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mafuta ya mwilini yanapoyeyushwa kwa haraka, ini humimina kolesteroli nyingi zaidi kwenye nyongo, na wakati huo huo kifuko cha nyongo, ambacho hujikunja na kujimwaga hasa pale chakula chenye mafuta kinapoingia utumbo mdogo, kinakaa kimya kwa sababu hakuna chakula cha kukiamsha. Nyongo nzito iliyotuama huganda ikawa vijiwe. Mgonjwa wa aina hii huletwa usiku akiwa amejikunja, ameshika upande wa kulia chini ya mbavu, anatapika, na maumivu yanapenya hadi mgongoni au kwenye bega la kulia. Anapoulizwa historia yake, mara nyingi hutaja kilo nyingi zilizopungua kwa muda mfupi bila kuona uhusiano wowote kati ya hayo mawili, na mimi huwa namwonea huruma sana, kwa sababu alikuwa akijitahidi kuitunza afya yake.

La pili ni chumvichumvi za mwili, hasa potasiamu, magnesiamu na fosfeti, ambazo ndizo zinazouwezesha moyo kupiga kwa mpangilio. Katika miaka ya 1970 huko Marekani ulivuma mlo wa kunywa protini ya maji iliyotengenezwa kwa kolajeni, ambayo ni protini duni isiyo na viambato vyote vinavyohitajika mwilini. Kufikia miaka ya 1977 na 1978 vilikuwa vimeripotiwa vifo vipatavyo 60 vya watu waliokuwa wakiishi kwa kinywaji hicho, wengi wao wanawake, na baadhi yao walikufa ghafla kwa sababu mapigo ya moyo yalivurugika. Tangu hapo milo ya kitabibu ya kalori chache hutengenezwa kwa protini bora, pamoja na madini na vitamini zilizopimwa, na anayeitumia hupimwa damu kila baada ya muda.

Hilo linajibu swali lako la vidonge vya vitamini. Vidonge hivyo havina protini wala mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na potasiamu iliyomo ni kidogo mno ikilinganishwa na mahitaji ya siku, kwa hiyo haviwezi kushika nafasi ya chakula.

Tena, hatari haiishii siku ya kuacha. Aliyekaa muda mrefu bila kula vya kutosha kisha akala wanga mwingi kwa mpigo huweza kupata mshuko mkali wa fosfeti katika damu, kwa sababu insulini inayopanda ghafla huisukuma fosfeti ndani ya seli, na hapo moyo na misuli ya kupumulia huweza kushindwa kufanya kazi. Jambo hili lilionekana kwa uchungu mkubwa baada ya Vita Kuu ya Pili, pale baadhi ya mateka waliokonda sana walipofariki baada ya kupewa chakula na si kabla.

Mengine nitayataja kwa kifupi: choo kigumu, kizunguzungu mtu anaposimama, nywele kunyonyoka miezi miwili au mitatu baadaye, na kwa wanawake hedhi kusimama, jambo ambalo likiendelea hudhoofisha mifupa. Ndugu Subira, naomba kujua kama unatumia dawa yoyote kwa sasa.

Mpenda_Hoja amejibu:

Pamoja na heshima kwa waliotangulia, nadhani mjadala umeegemea upande mmoja, na muulizaji hajajibiwa ile sehemu ya pili ya swali lake.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa DiRECT, uliofanywa Uingereza chini ya Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ambao hawakuwa wameugua kwa zaidi ya miaka sita, waliwekwa kwenye mlo wa maji maji wenye kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 yao walikuwa wameondokewa na kisukari bila kutumia dawa yoyote ya ugonjwa huo, ilhali katika kundi lililoendelea na matibabu ya kawaida walikuwa asilimia 4 tu. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Kwa ugonjwa ambao kwa vizazi ulihesabiwa kuwa wa maisha, hayo ni matokeo makubwa mno, na si haki kumwambia mtu kwamba kalori chache ni hatari tupu bila kumweleza habari hiyo.

Kuhusu maisha marefu, ni kweli kwamba tangu miaka ya 1930 imejulikana kuwa panya waliopunguziwa chakula bila kunyimwa virutubisho huishi zaidi. Kwa nyani matokeo yalitofautiana, maana utafiti wa Wisconsin uliona faida katika urefu wa maisha, ilhali ule wa taasisi ya taifa ya uzee ya Marekani haukuiona, ingawa tafiti zote mbili ziliona magonjwa fulani yakipungua. Kwa binadamu wasio wanene, utafiti wa miaka miwili ulioitwa CALERIE ulilenga kupunguza kalori kwa asilimia 25, na washiriki wakafikia takriban asilimia 12, hata hivyo shinikizo la damu na kolesteroli yao vilishuka.

Mlishe_Mwandamizi amejibu:

Ndugu Mpenda Hoja, nakubaliana na takwimu zako zote, na ninafurahi umezileta, kwa sababu zenyewe zinaonyesha mpaka ulipo. Hebu tazama jinsi watu wa DiRECT walivyotunzwa: dawa zao za kisukari na za shinikizo la damu zilisimamishwa siku ya kwanza kwa uamuzi wa daktari na si wao wenyewe, kila kinywaji kilikuwa kimepimwa protini na madini, mlo ulikuwa na tarehe ya kwisha, chakula cha kawaida kilirudishwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, na baada ya hapo waliendelea kuonana na mhudumu kila mwezi. Pamoja na hayo yote, mwaka wa pili waliobaki bila kisukari walikuwa asilimia 36. Hii ni tiba yenye kipimo, muda na mtu wa kuisimamia, na hupewa mgonjwa ambaye madhara ya unene wake yanazidi madhara ya tiba yenyewe. Ndiyo maana miongozo mingi huielekeza kwa wenye unene wa kiwango cha ugonjwa na huiwekea ukomo wa kama wiki 12.

Kuhusu CALERIE, anayepunguza asilimia 12 kutoka kalori 2,000 hubaki na 1,760. Huko hakufanani hata kidogo na 600, na bado washiriki wale walipoteza kiasi fulani cha uzito wa mifupa. Ushahidi wa wastani hauwezi kuhamishwa ukatetea ukali.

Nuru_Ndogo amejibu:

Naomba niseme jambo moja ambalo halijatajwa vya kutosha. Kwa baadhi yetu kuhesabu kalori hakuishii kwenye hesabu. Niliwahi kufikia mahali ambapo idadi ya leo ilikuwa lazima iwe ndogo kuliko ya jana, na mwaliko wowote wenye chakula niliuona kama tishio, huku walionizunguka wakinisifu kwa kupendeza. Nilipona kwa msaada wa wataalamu na wa familia iliyokataa kuninyamazia.

Kwa hiyo Subira, kabla ya kuangalia mizani, jitazame moyoni. Ikiwa umewahi kujificha ili usile, au kujitapisha, au kujiadhibu kwa sababu umekula, mlo wa kalori chache sana haukufai hata kama uzito wako umezidi, na anayepaswa kulijua hilo kwanza ni daktari wako.

Subira_M amejibu:

Ninawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Kumjibu Muuguzi: ninatumia vidonge vya shinikizo la damu, kimoja kati yake kikiwa cha kuongeza mkojo, na sina kisukari. Kwa Nuru, ahsante kwa kunieleza jambo zito kama hilo. Sijawahi kuwa na tatizo hilo, ila nitalikumbuka. Je, kwa hali yangu, kiwango gani cha chakula kingekuwa cha busara, na dawa hizi zina uhusiano gani na suala hili?

Muuguzi_Wodini amejibu:

Ahsante kwa kunijibu, Ndugu Subira, kwani jibu lako linabadilisha uzito wa jambo lenyewe. Kwa kilo 12, wataalamu wengi wangekushauri upungufu wa kalori kama 500 au 600 kwa siku kutoka kwenye matumizi yako, ukiwa na protini katika kila mlo na mazoezi ya kutumia nguvu ili misuli isiliwe. Kwa namna hiyo ungepungua nusu kilo au zaidi kidogo kwa wiki hapo mwanzoni. Inaonekana taratibu, lakini kupungua asilimia 5 tu ya uzito huanza kushusha shinikizo la damu na sukari, kwa hiyo hutasubiri hadi kilo ya mwisho ndipo upate faida. Chini ya kalori 800 usiende bila daktari, na kwa mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee aliyedhoofika au mgonjwa wa figo jambo hilo lisifikiriwe kabisa nje ya hospitali.

Sasa kuhusu dawa zako. Mtu anayekula kidogo hupoteza maji na chumvi, na shinikizo lake hushuka lenyewe, kwa hiyo kidonge kilichokuwa kikimtosha jana huweza leo kumzidi, naye akazirai akiinuka kitandani alfajiri. Dawa za kuongeza mkojo nyingi huondoa potasiamu pia, na ukiunganisha hilo na mlo usio na potasiamu ya kutosha unaipelekea hatari mioyo hata ya watu waliokuwa wazima. Usiache vidonge kwa uamuzi wako na usivipunguze mwenyewe. Kabla ya kuanza hata huo upungufu wa wastani, nenda kwa daktari ukiwa na orodha ya dawa zote unazomeza, umwombe akupime potasiamu na utendaji wa figo, na mkubaliane ni siku zipi utapima shinikizo nyumbani na ni kipimo gani kikionekana unapaswa kumpigia simu. Ukisikia moyo unaruka mapigo, ukizirai, au ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, usisubiri siku ya miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.